Kamera huuawa mkobani, si mvuani

Mwezi wa Desemba unapobisha hodi, magari ya abiria yanayoelekea Kisii na Nyamira hujaa pomoni. Wazazi hufunga safari na watoto, wanafunzi hurejea makwao, na kila upande wa Gusii huwa na shughuli: harusi Keroka, mahari Nyamaiya, ibada ya shukrani Ogembo. Na siku hizi, katika kila familia yenye shughuli, hakosi kijana mmoja aliyening'iniza shingoni kamera kubwa nyeusi, ile ya kidijitali yenye lenzi ya kubandua na kubandika. Huyo ndiye mpigapicha wa ukoo.

Mpenzi msomaji, makala ya leo ni ya kijana huyo na ya wazazi waliomnunulia kamera hiyo au wanaofikiria kumnunulia. Neno letu ni moja. Wengi hudhani kwamba adui mkubwa wa kamera ni mvua au kuanguka. La hasha! Kamera nyingi hufa polepole zikiwa zimefungiwa mkobani, huku mwenyewe akiamini kwamba amezihifadhi vyema. Na nyanda za juu za Gusii, kwa baridi yake, ukungu wake na mvua yake, ni mahali ambapo kifo hicho huja upesi.

Kwa nini leo watu wengi wanazo

Kamera hizi zilikuwa mali ya mashirika ya habari pekee. Kampuni ya Kodak ilitoa ya kwanza ya kibiashara mwaka wa 1991. Ilikuwa na megapikseli 1.3 tu, na picha zilihifadhiwa katika mtambo mzito ambao mpigapicha aliubeba begani. Nikon ilitoa D1 mwaka wa 1999, na mwaka wa 2003 Canon ikatoa EOS 300D, ambayo bei yake iliwafungulia mlango watu wa kawaida.

Kisha mambo yakabadilika tena. Mwaka wa 2018 Nikon na Canon zilianzisha kamera kubwa zisizo na kioo ndani, na tangu hapo nguvu zao nyingi zimeelekea huko. Wataalamu wengi wakauza zile za zamani ili wanunue mpya. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kisii anaweza leo kupata, kwa bei nafuu, kamera iliyotumika ambayo miaka kumi iliyopita asingethubutu hata kuuliza bei yake.

Si kwamba kamera hizo zimepitwa na wakati. Ndani yake mna kioo kinachopeleka taswira kwenye jicho lako. Unapobonyeza, kioo huinuka, shata, yaani kile kilango cha mwanga, hufunguka kwa nukta ndogo mno, na mwanga huangukia kihisi, ambacho ndicho kimechukua nafasi ya filamu. Picha yake bado ni bora. Lakini umeona, msomaji, kwamba ndani mna vitu vinavyoinuka, vinavyofunguka na kujifunga. Chochote chenye mwendo huchakaa. Na chochote kilichotumika kinahitaji kukaguliwa.

Kabla hujatoa pesa

Kamera iliyotumika ni kama ng'ombe wa mnadani: usimnunue kwa kutazama pembe. Fanya mambo matatu.

Kwanza, uliza idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, kwa maana kila shata ina makadirio ya umri wake. Canon EOS 5D Mark III, kwa mfano, ilikadiriwa kufikisha picha 150,000. Ile ya Nikon D5, iliyoundwa kwa kazi nzito, ilikadiriwa picha 400,000. Haya si maisha ya mwisho, kwani nyingine huvuka na nyingine hukata tamaa mapema, lakini ni kipimo kizuri. Hebu tupige hesabu: ukipiga picha 1,500 katika harusi moja, shata ya picha 150,000 inatosha harusi 100. Ukiwa na harusi kila Jumamosi, hiyo ni chini ya miaka miwili! Kwa hivyo yule kijana anayeshikilia kitufe kamera ikalia kama cherehani, picha ishirini za bwana harusi akikata keki, anatafuna mtaji wake mwenyewe.

Pili, chukua tochi ya simu, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, umulike ndani kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande wa pili. Ukiona vijiuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache lenzi hiyo hata kama unapewa bure.

Tatu, weka tundu la lenzi kwenye f/16, kisha piga picha ya mbingu isiyo na wingu au ukuta mweupe. Ikuze picha na uikague pole pole. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi juu ya kihisi, na hilo linasafishika. Mstari mkali usioondoka hata baada ya kusafishwa ni mkwaruzo, na huo gharama yake inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya kamera.

Kuitumia katika hali ya Gusii

Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu. Ukiielekeza kwenye ukungu wa alfajiri unaofunika mashamba ya chai ya Kebirigo au Sanganyi, itafanya ukungu mweupe uwe kijivu kama moshi. Dawa ni kuongeza mwanga kwa kiasi cha hatua moja kwenye kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Vivyo hivyo kwa gauni jeupe la bi harusi likijaza picha. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza picha, kamera hujaribu kuung'arisha kupita kiasi, rangi yake nzuri ikapauka. Hapo punguza kidogo. Bwana na bi harusi wakiwa pamoja, pima mwanga kwenye nyuso zao, wala si kwenye gauni. Watu watakaotazama picha hiyo miaka 30 ijayo watatafuta nyuso.

Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, usitegemee flashi pekee. Panda ISO hadi 1600 au 3200, tumia lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ambayo ni ya bei nafuu, na uhakikishe kasi ya shata haishuki chini ya 1/125 kwa mtu aliyesimama. Bi harusi akitembea, nenda 1/250. Ukienda Uwanja wa Gusii, ule ulioandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa Oktoba 20, 2020, kutazama Shabana, timu iliyorejea Ligi Kuu mwaka wa 2023, basi huko ni 1/1000 au zaidi, ama sivyo mpira utakuwa kama moshi.

Jambo jingine: hifadhi picha za kazi muhimu katika faili ghafi, ile inayoitwa RAW. Huchukua nafasi zaidi kwenye kadi, lakini hukupa nafasi ya kurekebisha mwanga baadaye bila kuiharibu picha.

Adui wa kwanza: unyevu

Sasa tufike kwenye kiini. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao utasema kwa hakika kwamba ni wa kiangazi. Hali hiyo inastawisha ndizi na chai. Inastawisha kuvu vilevile.

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali. Zikiingia kwenye lenzi hazifanyi lolote hadi zipate vitu vitatu: unyevu mwingi hewani, giza, na chakula kidogo kama vumbi au mafuta ya vidole. Mkoba uliofungwa kabatini miezi mitatu ukiwa bado na unyevu wa mvua ya Aprili huzipa vyote vitatu. Kuvu ikikaa, hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba uliopakwa kwenye vioo vya lenzi. Hata fundi akiisafisha, alama hubaki. Kile kifuko cha ngozi kinachopendeza ndicho kibaya zaidi, maana ngozi hunywa maji ikayatunza.

Dawa haihitaji pesa nyingi. Nunua mkebe wa plastiki wa kuhifadhia chakula, wenye kifuniko kinachobana. Weka ndani kamera na lenzi pamoja na silika jeli, zile chembechembe ambazo huja katika vipakiti vidogo ndani ya masanduku ya viatu. Vipakiti viwili vya viatu havitoshi. Tafuta chembe za kutosha kujaza kikombe, uzitie kwenye kifuko cha kitambaa. Ukipata kile kipimo kidogo cha unyevu, kiweke humo pia. Unataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Chini sana pia si vizuri, kwani mpira na grisi hukauka.

Kuna chembe zenye rangi ambazo hubadilika zikishiba maji. Zile za buluu zinazogeuka waridi zina kemikali yenye sumu, kwa hivyo zisikaribie watoto wala sufuria ya kupikia. Chembe zisizo na rangi unaweza kuzitoa kifukoni, ukazikausha kwa moto mdogo katika chombo ambacho hakitumiki jikoni, kisha ukazitumia tena. Mchele, msomaji, usiutie humo. Unga wake utahamia ndani ya lenzi.

Lakini dawa kuu ni kuitumia kamera. Itoe kila wiki, ipate hewa na mwanga, zungusha pete za lenzi, piga picha chache. Ila usiiache lenzi wazi juani ukaondoka. Kioo chake hukusanya miale, na kinaweza kuunguza kamera au hata kuwasha moto nyumbani.

Kuna unyevu wa aina nyingine usioshuka kutoka mawinguni. Ukitoka Nyamira alfajiri kamera ikiwa baridi, ukateremka hadi Kisumu ambako hewa ya ziwa ni ya joto na nzito, lenzi itatoka jasho kama chupa ya soda. Usiifungue mkoba papo hapo. Iache ndani nusu saa au zaidi ipate joto taratibu. Kamwe usibadilishe lenzi ikiwa imetoka jasho, kwani maji yataingia kwenye kioo na kihisi.

Na mvua yenyewe je? Kamera za kitaalamu zina mpira kwenye maungio unaozuia matone, lakini kuzuia matone si kuogelea, na lenzi isiyo na mpira huo huacha mlango wazi. Mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu la lenzi na kufungwa kwa mpira ni mwavuli mzuri. Ikilowa kweli kweli, izime, toa betri na kadi, ipanguse kwa kitambaa kikavu, usiiwashe tena kuijaribu, na uipeleke kwa fundi. Kuiweka kando ya jiko la makaa ni kuimalizia.

Adui wa pili: vumbi

Wageni wengi wanaofika Kisii hupenda kwenda Tabaka, ambako mawe laini huchongwa kuwa vinyago, sahani na seti za bao. Ni mahali pazuri mno kwa picha: mikono imejaa unga mweupe na waridi, msumeno unakwenda, nuru inaingia kutoka pembeni. Unga huo ni laini kama poda ya mtoto, huelea hewani na kunata kila mahali. Chagua lenzi moja kabla hujaingia karakanani na usiibadilishe hadi utoke. Simama upande ambako upepo unatoka.

Ukimaliza, usianze kwa kupangusa! Vumbi la jiwe chini ya kitambaa ni msasa. Tumia kwanza pampu ndogo ya mpira kulipuliza, halafu brashi laini, na mwisho kitambaa maalumu cha lenzi. Usitumie pumzi ya kinywa, kwa sababu ina mate. Usitumie pindo la shati. Na zile kopo za hewa ya kubanwa ziachie kompyuta, kwani huweza kurusha majimaji baridi kwenye kioo.

Unapobadilisha lenzi popote pale, izime kamera, uelekeze mdomo wake chini, na uwe na lenzi nyingine tayari mkononi. Vumbi likifika kwenye kihisi, jaribu kwanza ile njia ya kamera ya kujitikisa yenyewe, kisha pampu ya mpira huku betri ikiwa imejaa na kamera ikiwa kwenye hali ya kusafishwa. Ikishindikana, mpe fundi anayeijua kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa, ukiuziba kwa kidole, utajenga pia.

Betri na kadi

Betri ya lithiamu haipendi kuishiwa kabisa wala kukaa miezi imejaa. Ukiiweka kwa muda mrefu, iache nusu na uitoe ndani ya kamera. Betri iliyovimba usiisukume kwa nguvu. Itupe mahali pa taka za vifaa vya umeme. Vijijini stima hupotea bila kuaga, hivyo beba betri mbili zilizojaa siku ya shughuli.

Kadi nayo isafishwe ndani ya kamera yenyewe baada ya picha kuhamishwa, wala si kufuta moja moja kwenye kompyuta. Usiitoe taa nyekundu ikiwaka. Ni afadhali kadi mbili za wastani kuliko moja kubwa. Ikitokea picha zimepotea, acha kabisa kuitumia kadi hiyo, maana mara nyingi bado zimo ndani na programu za kurejesha huweza kuzifufua, mradi hujaandika kitu juu yake. Usiku huo huo wa shughuli, kabla ya kulala, tengeneza nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja mbali na nyumba hiyo, iwe kwa ndugu Nairobi au kwenye intaneti.

Na mali bila daftari hupotea bila habari. Andika namba ya kamera na ya kila lenzi, tarehe ya kusafishwa, na idadi ya picha zilizopigwa. Kamera ikiibwa garini, namba hiyo ndiyo ushahidi wako polisi.

Kamera na heshima

Mwisho, utunzaji si wa chombo tu. Desemba ni msimu wa wavulana kwenda jandoni katika jamii ya Abagusii, na yapo mambo ambayo hayakuwekwa kwa ajili ya kamera. Uliza wazee, na ukiambiwa hapana, funika lenzi. Hata katika mambo ya kawaida, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 hutaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha yake imo. Mwaka wa 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kusambaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mpigapicha kijana anayejenga jina lake mtandaoni na alikumbuke hilo.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu magokoro aliyeketi kwenye kigoda chake Desemba hii huenda asiwepo Desemba ijayo. Mzee anayepiga obokano, lile zeze kubwa la Abagusii lenye sauti nzito, hana mtoto aliyejifunza. Simu inaweza kumpiga picha, naam, lakini ile ya kutundikwa sebuleni, yenye kuonyesha kila mkunjo wa uso, mara nyingi hutoka kwenye kamera hiyo nyeusi. Siku ya kuhitajika haitangazwi. Lenzi iliyoota kuvu huigundua siku hiyo hiyo, jamaa wote wakiwa wamejipanga uwanjani wakikungoja.

Basi leo, kabla hujapanga safari, nenda kabatini. Toa kamera mkobani, mulika lenzi kwa tochi, piga picha ya ukuta mweupe kwenye f/16, na uangalie betri. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Ukiona vijiuzi, bado una muda wa kumwona fundi kabla ya Krismasi. Usipoviona, hamishia kila kitu kwenye mkebe wenye silika jeli, na ule mkoba mzuri uutumie kwa safari tu.

Tukutane Jumapili ijayo.